Mkono Uliosokota Nta

Mara ya kumi na moja baba alipoitwa mahakamani, hakuuliza tena ameitiwa nini. Aliikunja ile karatasi ya wito, akaichomeka chini ya vigae pamoja na zile nyingine kumi, akaniambia, "Budhri, kesho pika uji mzito. Ule mwepesi unaniishia njiani."

Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kwa mume aliyeongeza mke na kunisahau, mama yangu alikuwa amekufa, na kazi zangu zilikuwa mbili: kusokota nyuzi za nta, ambazo shaba huchukua umbo lake, na kumsindikiza baba. Sisi ni watu wa kusubu shaba, hapa Bastar, katikati ya India, tangu babu wa babu. Kengele za ng'ombe ni zetu, vibaba vya kupimia mpunga ni vyetu, taa, bangili za miguu, na miungu. Miungu hasa. Devi, mungu mama wa kijiji, huogeshwa, hulishwa, hukasirika akipuuzwa, na siku ya sikukuu hubebwa kwa machela kwenda kuonana na ndugu zake wa vijiji vingine. Akichakaa hurudishwa kwetu ayeyushwe, azaliwe upya kwa shaba ile ile. Kwa hiyo mtu akimwiba, amewateka watu mama yao.

Ndivyo walivyofanyiwa watu wa Kusumpal, kijiji cha vilimani, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka kwetu. Asubuhi moja kuhani wao, Lakhmu, alikwenda kumwogesha Devi akakuta kibanda kitupu, maua ya jana yamekanyagwa. Walitafuta mpaka nyayo zikapasuka. Mwaka wa pili polisi wakamkuta Raipur, ghalani kwa mfanyabiashara wa vitu vya kale, chini ya magunia. Kusumpal walichinja siku hiyo. Walidhani atarudi wiki ile ile.

Lakini yule mfanyabiashara alitoa karatasi. Karatasi zilisema ameinunua sanamu kwa haki, kutoka kwa fundi wa jimbo jingine ambaye alikuwa ameshakufa, wala hakuna wa kumuuliza. Ikawa kesi. Devi akafungiwa stoo ya vielelezo nyuma ya mahakama, akatiwa waya shingoni na kibandiko: Kielelezo Namba Tatu. Na shahidi mkubwa akawa baba yangu, Sonadhar, kwa sababu bonde zima lilijua kwamba Devi wa Kusumpal alitoka kwenye moto wake.

Baba alijitolea kuwatengenezea mwingine, bure. Lakhmu akamjibu, "Sonadhar, mama yako akiwa korokoroni, utafurahi ukiletewa mama mwingine wa kushikia zamu?" Hivyo miaka yote ile, sikukuu ikifika, watu wa Kusumpal walibeba machela tupu mpaka uwanjani, wakayaweka chini mahali pake, wakakaa kando yake kama watu wa matanga.

Siku ya mara ya kumi na moja tulipanda basi la alfajiri. Lakhmu alikuwa ameshafika, amechuchumaa kwenye baraza ya mahakama na maua machache ndani ya jani. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye meno mekundu ya tambuu, na kila tulipoitwa naye alikuja, ingawa yeye hakuitwa.

"Umelala, fundi?" alimuuliza baba.

"Nimefumba macho tu. Na wewe?"

"Mimi huja kulala hapa. Nyumbani wake za wanangu wanagombana."

Akainuka kwenda dirisha la stoo. Yeye na askari wa pale walikuwa wamezoeana. "Bwana mkubwa," Lakhmu alisema, "mwekee mama yetu maua haya. Leo amekula?"

"Mzee, hapa hata mimi sijala," askari akajibu. Lakini aliyapokea maua.

Tukaketi. Kukaa mahakamani ni kazi ambayo hakuna anayekufundisha. Jua linahama kwenye sakafu, unalikimbia kidogo kidogo na kandambili zako, na kila mlango ukifunguliwa moyo unashtuka bure. Mara nne kati ya zile kumi tulikuwa tumekaa hivyo mpaka alasiri, kisha karani akatoka kusema leo hapana. Mara moja hakimu alikuwa amehamishwa. Mara moja faili lilikuwa limeliwa na mchwa pembeni. Baba alikuwa na sabini na moja, na kila safari ilimrudisha nyumbani mfupi kidogo.

Siku hiyo tuliitwa saa saba. Wakili wa mfanyabiashara, Bwana Agnihotri, alikuwa na sauti ya upole, upole wa mtu anayemshika kuku aliyekwisha kufungwa miguu.

"Mzee Sonadhar, umesema mara nyingi kwamba Kielelezo Namba Tatu ni kazi yako."

"Ndiyo."

"Kazi yako ninaijua. Jumba la makumbusho wana vitu vyako tisa. Tumemtuma mtaalamu akavitazama. Katika vyote tisa, alama za nyuzi za nta kwenye shaba zimezungushwa kuelekea kulia. Unakubali?"

Baba alivuta shali yake mabegani.

"Katika kielelezo hiki, uzi hadi uzi, kuanzia kwenye miguu ya tembo anayempanda mpaka kwenye nywele zake, zote zimezungushwa kuelekea kushoto. Mkono mwingine kabisa. Nakuuliza tena, mzee wangu: hii ni kazi yako?"

Wakili wa serikali, Bi Tirkey, binti mdogo aliyerithi kesi hii kutoka kwa mawakili watatu, alimgeukia baba akimwomba kwa macho aseme neno. Lakhmu alikuwa ameshika nguzo ya mlango. Baba alitazama mikono yake.

"Nimechoka, mheshimiwa," alisema mwishowe.

Hakimu, mtu mwenye mafua yasiyoisha, alichomoa leso. "Shahidi ajibu mwezi ujao," akasema, akapenga.

Kwenye basi Lakhmu aliketi nyuma yetu. "Kwa nini hukumjibu yule kunguru?" akauliza. "Si ungemwambia ulijisikia kuzungusha kushoto mwaka ule? Fundi si mashine." Baba alijifanya amelala.

Mimi nilijua. Nilikuwa nimejua kwa miaka ishirini na mitatu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Lakhmu alikuja kwetu na wazee wenzake, wakaleta mchele, jogoo na masharti. Devi wao wa zamani alikuwa ameungua pamoja na kibanda. Waliibeba shaba yake kwenye kitambaa chekundu. Masharti yalikuwa haya: fundi afunge mchana, alale peke yake, na mkono mwingine usiiguse kazi mpaka Devi atoke motoni. Baba aliapa, akashika mchele akaapa.

Siku ya tatu homa ikamwangusha. Aliungua na kutetemeka, akazungumza na babu yake aliyekufa. Umbo la udongo lilikuwa limekwisha kukauka, linasubiri kuvishwa nta. Sikukuu ilikuwa siku kumi na moja mbele. Mama alilizunguka lile umbo asubuhi nzima bila kuligusa, akipeleka maji, akirudisha bakuli. Mchana akaenda mtoni, akaoga na nguo zake, akafunga nywele, akaja akaketi mlangoni penye mwanga.

Mama yangu alikuwa mtu wa kushoto. Walimchapa kwa ajili ya mkono huo tangu utotoni, na akanyooka: alikula kwa kulia, alimpa mgeni maji kwa kulia, aliwasha taa ya miungu kwa kulia. Lakini nta ilimkatalia. Nta ilimtii kushoto tu. Kwenye vibaba na kengele hakuna aliyejali. Huyu alikuwa Devi.

Alisokota siku nne. Aliuviringisha uzi wa nta kwenye paja, mwembamba kama mshipi wa kuvulia, akauzungusha juu ya udongo, ukalala kando ya mwenzake bila nafasi, na kila alipofika mwisho aliukata kwa ukucha wa kidole gumba, ukabaki na ncha ndogo kama mkia wa panya. Mara kwa mara aliinua uso.

"Hukuona kitu," aliniambia.

"Sijaona kitu."

"Haya, nipe nta nyingine."

Devi wa baba wote ni wakali, macho yamewatoka, kama mtu aliyewafumania wezi. Huyu wa mama alitoka na uso wa mwanamke aliyeketi baada ya kazi ya siku nzima, bado hajaamua kama atainuka tena. Baba alipopata nafuu akamtazama kwa muda mrefu. Hakusema baya. Alichanganya udongo wa kichuguu na pumba, akaifunika ile nta tabaka juu ya tabaka, akawasha moto nta ikayeyuka ikatoka, akamimina mahali pake shaba ya yule Devi wa zamani. Kusumpal walipokuja kumchukua, wanawake wao walianza kulia. Mmoja alisema, "Huyu anatujua." Wakamfunga baba kilemba cheupe, wakampigia ngoma mpaka barabarani. Mama alikuwa jikoni akichemsha yule jogoo.

Mama alikufa kifua kikiwa kimejaa moshi wa tanuri, kesi ikiwa katika mwaka wa pili. Siku zake za mwisho aliuliza mara moja tu. "Bado wamemfunga?"

"Bado, mama."

"Na ule waya shingoni?"

"Na waya."

"Maskini," alisema, akageukia ukutani.

Basi lilitushusha njia panda, Lakhmu akashika njia yake ya vilimani, nasi tukatembea kuelekea nyumbani katikati ya mashamba yaliyovunwa. Baba alisimama kila baada ya hatua ishirini.

"Nikisema kweli," alisema, "nimemnajisi Devi mbele ya watu wake. Nikinyamaza, nimemuuza kwa yule wa Raipur. Nishike lipi?"

Kandambili yangu ilikuwa imekatika na nilikuwa nimeishika mkononi. "Baba," nilimwambia, "mimi sijui miungu. Ninajua nimetembea njia hii mara kumi na moja. Sema unachotaka, ila useme."

Nilidhani atakasirika. Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Una mdomo wa mama yako."

"Sina mkono wake tu."

"Hapana," alisema baba. "Huna. Hata mimi sina."

Tulikaa kwenye kingo za shamba mpaka pumzi ikamrudi. Kisha akaniambia nitafute nyumbani kibaba cha mama, kile alichokitengeneza mwaka alioolewa, nikifute masizi.

Mara ya kumi na mbili chumba kilikuwa kimejaa, kwa sababu Lakhmu alikuwa amekuja na wanaume sita wa Kusumpal kumtia baba moyo. Laiti angewaacha nyumbani. Walipanga mstari ukutani na fimbo zao, wakitabasamu.

Devi aliletwa mezani. Miaka saba ya stoo ilikuwa imemfanya mweusi. Bwana Agnihotri akarudia swali lake lile lile, kwa upole ule ule.

"Moto ulikuwa wangu," baba alisema. "Udongo wa juu wangu. Shaba nilimimina mimi. Nta hapana. Nta ilisokotwa na mwingine."

"Nani?"

"Mama Budhri."

Kule ukutani tabasamu zilikauka, moja baada ya nyingine.

"Mama Budhri ndiye nani?"

"Wa nyumbani kwangu."

"Mkeo. Jina lake, kwa ajili ya kumbukumbu."

Baba akainamisha kichwa. Miaka arobaini waliishi pamoja, na sikuwa nimepata kumsikia akilitaja jina lake. Mke hamtaji mumewe, mume hamtaji mkewe. Mnaitana kwa mtoto, au mnakohoa. Nilijiinua ili nilitaje mimi, karani akaniambia, "Kaa chini, wewe."

"Hirmati," baba alisema.

"Sauti, shahidi," hakimu akasema ndani ya leso yake.

"Hirmati!" Safari hii ilitoka kubwa kupita kiasi, hata watu wa barazani wakachungulia. Baba akashika ukingo wa kizimba.

Bwana Agnihotri alikuwa amefurahi waziwazi. "Kwa hiyo mara zote hizi, mzee, umeidanganya mahakama chini ya kiapo."

"Mliniuliza nani alimsubu. Nilimsubu mimi. Hakuna aliyeuliza nta ilisokotwa na nani." Watu wakacheka, baba hakucheka. Aligeuka akawatazama wale sita na Lakhmu. "Kusumpal ndio niliowadanganya. Mahakama, hapana. Mlinifunga kilemba, nami nikakivaa, kumbe kilikuwa cha ukoka. Mke wangu alikuwa mtu wa kushoto."

Bi Tirkey aliniita. Nikakitoa kibaba kwenye kitambaa. Hakimu akakichukua, akavaa miwani, akakiweka ubavuni mwa Devi, akavitazama kwa zamu kimoja baada ya kingine. Kisha akapitisha kidole juu ya nyuzi, juu ya kibaba, juu ya goti la Devi, polepole, kama mtu anayesoma gizani.

"Hizi ncha ndogo," aliuliza, "za mwisho wa kila uzi, ni nini?"

"Alikuwa akikata kwa ukucha, mheshimiwa," nilisema. "Wa kushoto. Mafundi wengine hukata kwa kisu, hawaachi kitu."

Bwana Agnihotri akasimama. "Mheshimiwa, chombo hiki kingeweza kutengenezwa mwezi uliopita, kwa ajili ya kesi hii tu."

Hakimu alikigeuza kibaba akamwonyesha mdomo wake. Miaka arobaini na zaidi ya kukwangua mpunga ilikuwa imeula ule ukingo mpaka ukawa mwembamba kama jani. "Bwana wakili, mwezi mmoja hauli shaba namna hii." Akapenga kamasi, akaandika kwa muda mrefu.

Nilipogeuka, ukuta ulikuwa mtupu. Lakhmu alikuwa ameondoka na watu wake. Mwavuli wake ulibaki pale sakafuni. Tuliubeba hadi kwenye basi, lakini yeye alikuwa ameketi mbele kabisa, na alipoletewa aliupokea bila kugeuza shingo.

Hukumu ilitoka mvua zilipokwisha. Hatukuitwa kuisikiliza, niliipata gulioni kwa muuza chumvi. Devi ni wa Kusumpal, arudishwe. Nilipomwambia baba, alikuwa akikanda udongo. Alisema, "Vizuri," akaendelea kukanda, kisha akasahau kuutumia, ukakauka ndani ya karai.

Wiki moja baadaye akaja mtu wa Kusumpal mwenye fimbo ndefu. Wazee wanamtaka Sonadhar.

"Wito mwingine," baba alisema akitafuta shali yake. "Tena huu hauna hata karatasi."

Walikuwa wameketi kwenye uwanja wa kupuria, kijiji kizima, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Devi hakuwa kibandani mwake. Alikuwa ndani kwa Lakhmu, amefunikwa shuka, kama mgeni ambaye hawajui wamweke wapi. Hakuna aliyetupa maji. Lakhmu ndiye aliyeuliza.

"Uliapa?"

"Niliapa."

"Ukavunja?"

"Nilikuwa mgonjwa. Lakini ndiyo, nilivunja."

"Siku tuliyokuja kumchukua, ulikuwa mzima. Kwa nini hukusema?"

"Mlikuwa mmeshanifunga kilemba," baba alisema. "Nikaona kizuri."

Kijana mmoja akasema ayeyushwe, atengenezwe upya na fundi mwingine. Mwingine akasema huwezi kumyeyusha mtu aliyetoka jela jana. Maneno yakaenda na kurudi mpaka jua likasimama kichwani. Wengine walihesabu mvua nzuri za wakati wake, wengine walihesabu ndui ya kuku na yule ng'ombe wa mtu aitwaye Masa aliyezaa mtoto mwenye vichwa viwili. Baba alikuwa ameegemea rundo la majani ya mpunga, na nilihofia anazimia, kumbe anasinzia.

Kisha mwanamke mmoja akasimama kule upande wao, mnene, mwenye chale za zamani kwenye vifundo vya mikono. Aliitwa Kamlo. "Mimi nilizaa maiti mara mbili," alisema. "Nilikwenda kwake, nikakaa naye siku nzima, wala hamkujua. Hakunifukuza. Sasa mnaniambia alifanywa kwa mkono wa mwanamke, tena wa kushoto. Ninyi nyote mmechambishwa kwa mkono wa kushoto wa mama zenu. Mbona hamkuyeyushwa?"

Kicheko kilianza kwa wanawake kikavuka upande wa pili. Lakhmu peke yake hakucheka. Alikuwa akitazama chini, na alipoanza kusema sauti yake haikuwa ya kuhani.

"Nilimwogesha miaka kumi na minne kabla hajaibwa. Kila Jumatatu, kwa mikono hii, maziwa na manjano. Ningekuapia kwamba ninajua kila mstari wa mwili wake. Leo asubuhi nimemwogesha tena, nikatazama. Nyuzi zote zinakwenda kushoto. Mtoto mdogo angeona. Wakili wa mjini, asiyemjua wala kumpenda, ameona." Akatafuna kitu ambacho hakikuwepo mdomoni. "Sonadhar alivunja kiapo. Atoe mbuzi. Mimi nilikuwa nikimwangalia na nisimwone. Nami nitatoa mbuzi."

Hakuna aliyetegemea hilo. Wazee wakanong'onezana, wakaona mbuzi wawili ni bora kuliko mmoja, wakakubali. Ndipo msichana akatuletea maji.

Siku ya kumrudisha walimzungusha kwanza mashambani, kisha kwenye mito miwili, kisha wakashika njia ya kupanda kilimani kwenye kibanda kipya cha mawe. Ngoma zilikuwa mbele, machela yakiyumba, wanawake wakirusha mchele. Mimi na baba tulikuwa mwisho, na yule mbuzi wetu alikuwa ametangulia. Nusu ya njia ya kilima baba akaketi juu ya jiwe.

"Nenda," aliniambia. "Utamkosa akiingia."

"Nami miguu imekufa."

Hilo lilikuwa kweli. Niliketi kando yake. Vumbi lao likapanda kilima, likageuka kona, ngoma zikasikika kwa mbali kama watu wanaotwanga kijiji cha pili. Kwa miaka saba nilikuwa nimeiwaza siku hiyo, jinsi nitakavyolia au kucheza. Sikulia. Nilimvua baba kandambili, nikamkanda nyayo. Zilikuwa ngumu kama ngozi ya ngoma. Mara moja tu aliliita lile jina la mama, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kipya kama kinamtosha, kisha akakohoa.

Tulifika juu jua likiwa limelala magharibi. Sherehe ilikuwa imekwisha. Watu walikuwa wameshateremka kwa njia ya pili, majani ya kulia chakula yametapakaa. Nilikwenda mpaka mlangoni pa kibanda. Nilitaka nimwone kwa karibu, nione kazi ya mama bila askari wala kibandiko. Lakini walikuwa wamemzika kwenye maua ya manjano mpaka kidevuni. Uso tu ndio uliokuwa nje, umesuguliwa, unang'aa, umechoka vile vile. Niliunyoosha mkono niyasogeze maua, kisha nikaona si haki yangu kuyasogeza.

Lakhmu alikuwa ameketi akiegemea ukuta, miguu imenyooka mbele yake. Alituonyesha kwa kidevu: majani mawili ya mti wa sal yamefunikwa, na jiwe juu yake mbwa wasifikie. Wali, nyama ya mbuzi, na chachandu ya majimoto, wale sisimizi wekundu, pembeni.

"Kamlo aliwawekea," alisema. "Tulikula wote. Hilo ni fungu lenu."

Baba alikula matonge matatu, akalala pale pale, mgongo kwenye mawe, mkono ukiwa bado na wali. Nilimfuta. Nikala fungu langu, kisha nikamalizia lake, kwa sababu nilikuwa na njaa kuliko nilivyojua.

"Jumatatu nitamwogesha," Lakhmu alisema baadaye, akitazama kule bondeni. "Maua yatakuwa yameondolewa. Ukitaka, njoo."

"Ni saa tatu kwa miguu," nilimwambia.

"Najua."

"Nitaona," nilisema, nikaegemea ukuta kando ya baba, nikasubiri apate nguvu za kuteremka.